Ngoja ngoja huumiza matumbo: Hatari za miezi ya mwisho ya ujauzito

MAMA mmoja mwenye umri wa miaka 22 aliletwa kwangu Webuye usiku wa manane, amebanwa kwenye pikipiki kati ya mwendeshaji na shemeji yake ili asianguke. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amelalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Jirani akasema hiyo ni malaria. Akanunuliwa vidonge vya maumivu dukani, akaambiwa alale.

Siku ya pili uso na mikono vilikuwa vimefura. Mama mkwe alitaka apelekwe hospitalini, lakini mumewe alikuwa kazini Nairobi na simu yake ilikuwa imezimwa. Wakangoja apatikane ili aseme neno. Saa nne za usiku mama huyo akaanza kutetemeka mwili mzima, akajiuma ulimi na kupoteza fahamu.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mpenzi msomaji, nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili mwenyewe asitambulike, lakini kila daktari na muuguzi wa sehemu hizi za Bungoma na Trans Nzoia atakuambia kwamba amekiona. Ukiniuliza ni ugonjwa gani uliomuua mtoto huyo, nitakujibu ni kifafa cha mimba. Ukiniuliza ni nini kilichokipa kifafa hicho nafasi, nitakujibu ni zile siku mbili.

Kila hatari ina saa yake

Wataalamu wa afya ya uzazi wana makadirio ambayo yafaa yajulikane katika kila nyumba. Mama anayevuja damu nyingi kabla ya kujifungua, asipotibiwa, anaweza kufariki baada ya saa 12 hivi. Anayevuja damu baada ya kujifungua ana saa 2 hivi. Aliyepasuka mji wa mimba ana siku 1. Mwenye kifafa cha mimba ana siku 2, na yule ambaye uchungu wake umekwama ana siku 3. Huo ni wastani tu, na wapo wanaokufa mapema zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba saa hiyo haianzi kuhesabiwa mgonjwa anapofika mlango wa hospitali. Inaanza nyumbani, dalili ya kwanza inapoonekana. Daktari hupewa dakika zilizobaki tu.

Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba kina mama hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa tatu ni mzigo wetu sisi wahudumu wa afya na serikali. Lakini wa kwanza, na sehemu kubwa ya wa pili, uko mikononi mwa familia. Mara nyingi uko mikononi mwako wewe unayesoma makala haya ukiwa mjini huku mkeo, dada yako au binti yako akiwa nyumbani Bokoli, Misikhu au Endebess.

Usidhani hatari hii imekwisha kwa kuwa siku hizi kina mama wengi hujifungulia hospitalini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 82 kati ya kila 100 nchini Kenya huzaliwa katika vituo vya afya. Hata hivyo, takwimu za sensa ya 2019 zilionyesha kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kina mama 355 walifariki kutokana na ujauzito na uzazi. Kwenda hospitalini ni jambo moja. Kufika mapema, tena katika hospitali inayofaa, ni jambo jingine.

Damu si jambo la kungojea

Baada ya mwezi wa saba, damu yoyote inayotoka ukeni ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni kidogo na hata ikiwa imekoma.

Kuna vyanzo viwili vikubwa. Kwanza, kondo la nyuma linaweza kuwa limejishika chini, likaziba mlango wa mji wa mimba. Hapo damu hutoka ikiwa nyekundu na mama hasikii maumivu yoyote. Kwa sababu hakuna maumivu, wengi hudhani hakuna neno. Damu hiyo inaweza kukoma yenyewe, kisha ikarudi baada ya siku chache kama mfereji uliofunguliwa.

Pili, kondo linaweza kubanduka kabla mtoto hajazaliwa. Hapa tumbo huuma sana na kuwa gumu kama ubao. Damu inayoonekana nje inaweza kuwa kidogo ilhali nyingi imejikusanya ndani. Mama hupauka, hutoka jasho jembamba na kusikia kizunguzungu. Usipime hatari kwa wingi wa damu iliyo kwenye kitambaa. Mtazame mama mwenyewe.

Mama anayevuja damu katika miezi hii asipimwe kwa kuingizwa kidole na mtu yeyote nyumbani au zahanatini, kwani kidole kinaweza kulibandua kondo lililo mlangoni. Hospitalini ataangaliwa kwanza kwa mashine ya skani, atawekewa maji ya mishipa na kutafutiwa damu, na ikibidi atafanyiwa upasuaji.

Kichwa, macho na presha

Ugonjwa uliompata mama yule wa miaka 22 huanza kwa shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita, linalopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni onyo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi mwanzoni mama hasikii lolote. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO), tangu 2016, hupendekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na mara 5 kati ya hizo ziwe katika miezi mitatu ya mwisho. Kila mara apimwe presha na mkojo. Kama hukupimwa presha, uliza ni kwa nini.

Dalili zinapojitokeza huwa ni hizi: kichwa kuuma bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe cha moyo, kutapika, na uso na mikono kufura ghafla. Maumivu ya chembe cha moyo hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, na ya kichwa hudhaniwa kuwa malaria. Katika eneo letu malaria ipo kweli, na mja mzito anaweza kuwa nayo. Lakini mja mzito anayeumwa na kichwa apimwe presha kwanza, kisha damu yake iangaliwe kama ina malaria. Kupima presha huchukua dakika mbili.

Mama akishikwa na kifafa, mlaze kwa ubavu wa kushoto na uondoe vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimtie kijiko mdomoni, usimfunge kamba wala usimnyweshe chochote. Wala usipoteze wakati kwa kutafuta aliyemroga. Mpeleke hospitalini hata kama mshtuko umekoma, kwani utarudi.

Dawa ya kuzuia kifafa hiki ipo, na si ya bei ghali. Ni sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2002, uliowahusisha kina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Hata kituo kidogo cha afya kinaweza kumpa mama dozi ya kwanza kabla ya kumtuma mbele. Pamoja nayo atapewa dawa za kushusha presha. Lakini tiba kamili ya ugonjwa wenyewe ni mtoto na kondo kutoka, hivyo usishangae daktari akisema mtoto azaliwe kabla ya miezi kutimia.

Maji, kitovu na mtoto aliyenyamaza

Chupa ikipasuka na maji kuanza kutoka kabla ya uchungu, usingoje uchungu uje. Viini vya maradhi hupata njia ya kuingia, na mama pamoja na mtoto wanaweza kuugua vibaya. Maji yakiwa ya kijani au yakinuka, hatari imeongezeka. Usiingize kitu chochote ukeni. Vaa kitambaa safi uende.

Ikiwa miezi haijatimia, kufika mapema kunaweza kumwokoa mtoto. Kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ambazo mama hupewa kabla ya wiki ya 34. Utafiti wa WHO uliotangazwa mwaka wa 2020, na ambao ulifanywa Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ulithibitisha kwamba sindano hizo huokoa maisha ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Lakini zinahitaji muda kufanya kazi. Mama anayefika mtoto akiwa tayari anatoka hatafaidika nazo.

Mara chache, maji yanapotoka kamba ya kitovu hutangulia mtoto na kuonekana nje. Hapa hakuna muda hata kidogo, kwani mtoto hupata hewa kupitia kamba hiyo. Mama apige magoti, ainamishe kichwa chini na kuinua makalio juu, abaki vivyo hivyo hata ndani ya gari. Kamba isivutwe wala isishikwe-shikwe.

Vilevile, mtoto aliyezoea kucheza tumboni akipunguza au akiacha kabisa, mama asiambiwe kwamba mtoto amelala au anapumzika kabla ya kuzaliwa. Aende mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe siku hiyo hiyo.

Uchungu uliokwama

Uchungu uliozidi saa 12 bila mtoto kuzaliwa unahitaji hospitali. Mkono au mguu ukitangulia, usingoje hata saa moja. Mama aliyewahi kupasuliwa asijaribu kujifungulia nyumbani wala katika kituo kisichokuwa na chumba cha upasuaji, kwa kuwa kovu lake linaweza kuachia. Likiachia, uchungu unaweza kukoma ghafla na watu wakadhani mama amepata nafuu, kumbe anavuja damu ndani.

Ningependa kusema hili bila kuuma maneno. Dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu, na sindano za kuongeza uchungu zinazodungwa vichochoroni na watu wasio na leseni, zinaweza kuupasua mji wa mimba. Siwadharau wakunga wetu wa kienyeji. Wengi wao wana busara, na yule anayemshika mkono mja mzito na kumleta hospitalini mapema amefanya kazi kubwa. Lakini hakuna mti wala maombi yanayoweza kufungua njia iliyo nyembamba kuliko kichwa cha mtoto.

Hospitali ipi?

Watu wengi hukimbilia kituo kilicho karibu, wakatumwa kingine, na kisha kingine tena. Kila kituo huchukua sehemu ya ile saa niliyoitaja. Ni vizuri kujua mapema kwamba zahanati na vituo vya afya vinaweza kuanzisha matibabu, kama vile maji ya mishipa, dawa ya kifafa na dawa za kuua viini. Upasuaji na kuongezewa damu hupatikana katika hospitali kubwa.

Kwetu hapa kuna hospitali za kaunti kama ile ya Webuye, za rufaa za Bungoma na Kitale, na kwa hali nzito zaidi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kuna pia hospitali za misheni kama ile ya Lugulu. Mimba inapofika miezi saba, nenda au piga simu katika hospitali unayoitegemea uulize maswali matatu: Je, chumba cha upasuaji hufanya kazi usiku na wikendi? Je, mna damu? Nikipata shida usiku, nipige simu gani ili ambulensi ije? Ukijibiwa vibaya, bado una wakati wa kuchagua hospitali nyingine.

Ikiwa uko karibu na kituo kidogo na mama anavuja damu sana au ana kifafa, mpitishe hapo aanzishiwe matibabu, na mwombe muuguzi apige simu mbele ili hospitali kubwa ijitayarishe. Hilo huokoa muda kuliko kufika bila taarifa.

Mpango wa nyumbani

Webuye iko penye barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Malaba, na nyingine ya kwenda Kitale inaanzia hapa. Tuna bahati hiyo. Lakini mama anayetoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon au ndani ya vijiji vya Trans Nzoia hukutana na njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hazipitiki kwa urahisi. Kwa hiyo fanyeni mambo haya kabla mwezi wa nane haujaisha.

Kwanza ni usafiri. Zungumza na jirani mwenye gari au dereva wa teksi, umpe ahadi ya malipo, na uwe na namba za watu wawili. Pikipiki hufaa kumfikisha mama barabarani ikiwa yu timamu, lakini mgonjwa wa kifafa au anayevuja damu anahitaji gari ambamo atalala kwa ubavu.

Pili ni pesa. Wekeni akiba katika simu ya mtu anayeishi na mama, wala si katika simu ya mtu aliye Nairobi. Pia mama asajiliwe katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mambo yake yawe sawa kabla ya siku yenyewe.

Tatu ni damu. Mama ajue kundi lake la damu, nanyi mtafute watu wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu. Mifuko ya akiba huisha upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni neno la ruhusa. Wewe mume uliye mbali, lisema leo. Mwambie mkeo na mama yako, wote wawili wakisikia: "Akiona damu, kichwa kikimsumbua, maji yakitoka, mtoto akinyamaza, mwende. Msinipigie simu kuniuliza. Nipigieni mkiwa njiani." Mwanamke mzima hahitaji kibali cha mumewe ili atibiwe. Lakini najua nyumba zetu zilivyo, na najua mama mkwe huogopa kulaumiwa kwa gharama. Mwondolee woga huo mapema.

Njiani mama alale kwa ubavu wa kushoto, asile kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na kijitabu chake cha kliniki kisisahauliwe. Humo daktari ataona presha yake ya awali, kundi la damu na kama aliwahi kupasuliwa.

Haki yako mlangoni

Nimesema kwamba ucheleweshaji wa tatu ni wetu sisi wahudumu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeifanya kuwa kosa kwa hospitali yenye uwezo kukataa kutoa matibabu hayo. Usikubali mama anayevuja damu akalishwe kwenye foleni hadi pesa zipatikane. Mtafute msimamizi wa zamu, useme wazi: "Huyu ni mja mzito, anavuja damu," au "ana kifafa."

Na haki hii si maneno matupu. Machi 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kwamba haki za mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka wa 2013 zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Uamuzi huo ulitufundisha sisi wenye makoti meupe kwamba mama anayekuja kujifungua si mwombaji wa fadhila.

Hatari haiishi mtoto anapolia. Kifafa kinaweza kuja siku kadhaa baada ya kujifungua, na damu ikitoka kwa wingi mama ana zile saa 2 tu. Hapa pia kuna habari njema. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa 2023 ulionyesha kwamba wahudumu wakikinga na kuipima damu inayotoka kila mama anapojifungua, kisha wakatoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu jingine, uvujaji mbaya hupungua kwa asilimia 60. Hata hospitalini, dawa kubwa ni kutongoja.

Yule mama wa miaka 22 alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu akiwa na mimba nyingine. Safari hii alikuja mapema, tukawa tunampima presha kila mara, na mumewe alikuwa ameacha pesa kwa mama yake. Katika mwezi wa nane kichwa kikaanza kumuuma saa kumi na moja za alfajiri. Kufikia saa moja asubuhi alikuwa kitandani hospitalini, ameshadungwa sindano. Mtoto wake, msichana, alizaliwa akiwa mdogo lakini akilia kwa nguvu.

Mumewe alipata habari akiwa kwenye matatu, njiani kwenda kazini. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kumwomba ruhusa.